Mama: Kulia

Usinianze na habari za ile programu. Watu wa hapa Nyamugari wakitaka kunichokoza wanapita tu mlangoni na kuniuliza, "Martha, ile kompyuta ya maigizo iko wapi siku hizi?" Basi cherehani inasimama, mguu unabaki juu ya kanyagio, naanza upya. Leo nitasema yote, halafu mniache nishone.

Anisia ni mwenzangu. Hatukutoka tumbo moja, lakini tulizaliwa kambi moja kule Tanzania, tukapanga foleni ya maji pamoja, tukagombana na kupatana pamoja. Kambi ilipofungwa tulipanda lori moja kuja Burundi, nchi ambayo sisi wawili tulikuwa hatujawahi kuikanyaga. Wazazi wetu walikuwa wanarudi. Sisi tulikuwa tunakwenda. Mama yangu mzazi hakumaliza hata mwaka, akafariki, na tangu hapo mama yake Anisia, Emerensiana wa Butihinda, ndiye mama yangu. Nikisema mama katika habari hii, jueni ni huyo.

Shuleni kule Muyinga walimweka Anisia darasa moja na watoto wanaomfikia kiunoni, kwa sababu hakujua Kifaransa. Akinyoosha mkono na kusema, "Samahani, mwalimu, sijaelewa," darasa zima linaangua kicheko, eti huyo anaongea kama redio. Mimi nilirusha ngumi nikafukuzwa, ndiyo maana leo mnaniona na sindano. Anisia alinyamaza akasoma. Alisoma Kifaransa chao mpaka akakimaliza, na alipokimaliza, lo, serikali ikasema Kiswahili sasa ni somo, walimu watafutwe! Kile kile walichokuwa wanakicheka. Akapata kazi hapa Gitega, akanivuta nije nipate wateja wa mjini, tukapanga vyumba viwili Nyamugari.

Ni mtu mpole kupita kiasi, na mimi upole wake huwa unanichosha. Ila mpe jukwaa. Alipoanzisha klabu ya maigizo pale shuleni nilikwenda kupima nguo nikamkuta anachora sakafu kwa chaki, hapa anasimama huyu, hapa yule. Hapigi kelele. Ananyoosha kidole tu, "Nenda kule," na mtoto anakwenda. Wale watoto walikuwa wanamwita Madamu Kidole, naye alikuwa anajua na alikuwa anafurahi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Anisia alitaka kuigiza kisa cha mama.

Tuliporudi Butihinda tulimkuta jirani, Gervasi, analima shamba la mama. Alikuwa ameung'oa ua wote wa miyenzi, ule mmea wa utomvu mweupe tunaopandia mipaka, shamba lake na letu yakawa kitu kimoja. Mama akapeleka shauri kwa bashingantahe, wale wazee waamuzi wa kilima, maana huku kijiji ni kilima. Kabla ya siku yenyewe Gervasi akawa anatembea akisema, "Mtaona, atakuja na machozi. Marapatriye wote wanakuja na machozi, ndiyo hati yao ya shamba." Marapatriye ndiyo sisi, ndivyo tunavyoitwa tuliorudi. Neno likamfikia mama.

Siku ya shauri kilima kizima kilikuja kumtazama akilia. Mimi na Anisia tulikuwepo, tumeshikana mikono. Mama aliwapita wote, akaenda peke yake mpaka upande wa kulia wa lile shamba, mahali palipokuwa patupu kabisa, akasimama. Akasema, hapa ndipo ulipoanzia ua wa baba mkwe wangu. Akachimba kwa jembe akatoa shina jeusi la muyenzi, akalishika juu kila mtu alione. Uso mkavu. Bashingantahe wakagawa shamba nusu kwa nusu, ndivyo walivyokuwa wanafanya kwa kila mtu miaka ile. Wanawake wakamlaumu njiani, ungelia kidogo wangekupa lote! Mama akawajibu, "Nusu hii sikuiomba." Hakulia hata tulipofika nyumbani.

Basi Anisia alipotaka kukiigiza kisa hicho tulipanda gari mpaka Muyinga, tukachukua pikipiki mpaka kwa mama. Tulimkuta anapukuchua maharage.

"Unataka kunichezesha mbele ya watu wa Gitega?" akauliza.

"Si wewe, mama. Kuna binti wa shule, anaitwa Kulthumu, ndiye atakuwa wewe."

"Huyo binti anajua kulima?"

"Ni mtoto wa mjini. Baba yake anauza vitambaa."

"Mh." Akaendelea na maharage yake. Tukadhani amekataa. Halafu akasema, "Chezeni. Ila usinilize, Anisia. Siku ile walikuja kuyatazama machozi yangu na sikuwapa. Sitaki leo nije kulizwa na mtoto wa mtu mbele ya wageni. Niahidi."

"Nakuahidi, mama."

"Sema mbele ya Martha."

"Nakuahidi mbele ya Martha."

Kwa hiyo mimi ni shahidi, na ndiyo maana jambo hili linaniwasha mpaka leo. Ile haikuwa ahadi ya kuchezea.

Anisia aliupanga mchezo vizuri, acha niseme ukweli. Ukumbi wa shule una mlango mmoja tu, uko kushoto kwa jukwaa. Kulia ni ukuta mtupu. Akaamua kwamba katika mchezo mzima hakuna mtu atakayekanyaga upande wa kulia. Wanaingia kushoto, wanatokea kushoto, Gervasi wa mchezo anajigamba pale kati. Mwishoni kabisa ndipo Mama anapoingia, anawapita wote, anakwenda upande ule ambao hakuna aliyeukanyaga, anasimama, anasema maneno yake ya nusu. Basi. Katika mazoezi alikuwa anamwonyesha Kulthumu kwa kidole, "Unakwenda kule," na Kulthumu anakwenda, na mimi niliyekiona kisa chenyewe kwa macho yangu nilikuwa nasisimka mwili.

Ndipo ikaja programu.

Shirika moja linalosaidia shule lilileta kompyuta, na ndani yake programu ya kusimamia jukwaa. Akaja kijana kutoka Bujumbura kuwafundisha. Unaingiza humo kila kitu cha mchezo: nani anaingia, kwa upande gani, amebeba nini, amevaa nini, taa inawaka lini, ngoma inapigwa lini. Siku ya mchezo msimamizi anakaa na kompyuta yake pembeni, anabonyeza, na zamu ya mtu ikikaribia ujumbe unatokea kwenye simu. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa hiyo shule ilitoa simu moja ikafungwa kwa kamba pale mlangoni ambapo waigizaji wanangojea. Msidhani niliichukia ile mashine. Ilikuwa na ukurasa wa nguo zangu! Kila kanga, kila kofia, inakwambia iende kwa nani. Niliipenda kabisa, nawaambia.

Anisia akaingiza mchezo wote. Penye kisanduku cha mtu akaandika Mama. Penye kisanduku cha upande akaandika kulia. Sasa ile simu haina visanduku. Inatoa maneno tu.

Siku ya kwanza ya mazoezi na programu, mkuu wa shule, Diregiteri Venansi, alikuja kukaa nyuma ya ukumbi kutazama mashine yake inavyofanya kazi. Mchezo ukaenda sawasawa mpaka mwisho. Mimi niko chini ya jukwaa na pini zangu mdomoni. Mama anaingia. Kulthumu akafika katikati, akasimama, akaanguka magoti, akaangua kilio. Si kilio cha kuigiza, jamani. Alilia machozi na kamasi, akajipiga kifua, akalalama mpaka wenzake wawili wakaanza kufuta macho.

"Kulthumu!" Ndiyo mara ya kwanza nilisikia Anisia akipaza sauti. "Nani kakwambia ulie?"

Mtoto akanyamaza palepale, akajifuta na kanga yangu. "Simu, madamu."

"Simu?"

"Iko imeandika. Mama, kulia. Mi nikasema labda madamu amebadirisha."

Anisia akaenda mlangoni, akasoma ile simu. MAMA — KULIA. Akajishika mdomo.

"Kulia, mwanangu! Mkono wa kulia! Kule!" Na kile kidole chake kikanyooka.

"Aaa! Kuume!" Kulthumu akashika kichwa. "Si ungeandika kuume, madamu? Ao droite?"

Watu wa hapa ndivyo wanavyosema, kuume. Au wanakwambia kwa Kifaransa. Kulia, kwao, ni machozi tu. Sisi tuliokulia Tanzania neno lile tunalitumia mchana kutwa, kata kulia, kaa kulia, na hatukuwahi kufikiri kwamba lina sura mbili. Watoto wakacheka, Anisia akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikatema pini nicheke vizuri. Jambo lingekwisha pale. Tungefuta kulia, tungeandika kuume, tungekwenda kula.

Lakini kule nyuma kuna mtu anapiga makofi.

"Bravo!" Venansi anakuja mbele, na simu yake mkononi. "Ile ndiyo teatre! Madamu Anisia, hapo sasa umepata. Nimeshaifunga."

Programu ile ina bosi wake, na bosi ni mkuu wa shule. Akishaukubali mchezo anabonyeza kwenye simu yake, mchezo unafungwa, na hakuna anayeweza kubadilisha neno mpaka yeye aingize namba yake ya siri.

"Diregiteri, ni kosa la neno tu," Anisia akasema. "Nilimaanisha upande. Nifungulie nirekebishe, dakika moja."

"Ni kosa ya maana. Acha ivo ivo."

"Hawezi kulia pale. Hakulia."

"Nani hakulia?"

"Mama yangu. Ni kisa chake. Alisimama tu."

Venansi akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hapo ndipo palinichoma zaidi, alicheka kama mtu anayemwelimisha mtoto. "Madamu, ile shirika iko natuma bageni. Banatoka mbali. Unataka baone mama mwenye kusimama kama nguzo? Hii ni teatre, si kesi ya shamba. Na nikuulize, rapatriye mwenye hana machozi, nani atamuamini?"

Mungu wangu! Mnasikia? Yale yale ya Gervasi! Gervasi alikuwa mkulima asiyejua kusoma, alikuwa anatetea tumbo lake. Huyu amesoma, amevaa tai, hana shamba Butihinda, na bado anatwambia machozi ndiyo kitambulisho chetu. Nilitaka kumjibu. Nilifungua mdomo. Anisia akanishika mkono kwa nguvu hata kucha zake zikaniingia, kwa hiyo nilibaki nimefumbata pini na hasira zangu.

Nyumbani ndipo nilipozimwaga. "Mwambie mama asije."

"Ameshawaambia kilima kizima. Ameazima na viatu."

"Basi vunja mchezo."

"Watoto wamefanya mazoezi muhula mzima, Martha."

"Basi mwendee yule mtu umwambie hana adabu!"

"Nimemwendea. Mara mbili. Anasema nikiendelea kumsumbua atampa mwalimu mwingine klabu." Akakaa kitandani, akavua viatu. "Nitamwambia Kulthumu asilie. Anakwenda upande wake, anasimama. Ujumbe ni ujumbe tu, mwenye miguu ni yeye."

Na kweli alimwambia. Lakini Venansi naye si mjinga. Alimwita Kulthumu ofisini akamwambia asipolia katika zoezi la mwisho, nafasi yake itachukuliwa na Swabra, binti wa darasa lake. Katika zoezi la mwisho Kulthumu akalia. Anisia akapauka. Hakumgombeza, maana alielewa.

Jioni ile Kulthumu akaja kwangu kupima kanga ya Mama. Nikiwa nimepiga magoti napindua upindo nikaona tone linaanguka kitambaani.

"Dada Martha, mi nifanye nini? Madamu anasema nisilie, diregiteri anasema nilie. Mzee wangu aliniruhusu hii mchezo moja tu. Bakinitoa, ni kwisha, hatanipa ruhusa tena."

Nilikuwa na jibu, tena la kumfukuzisha shule, kwa hiyo nilimeza. Badala yake nilimsimulia. Maana yeye alikuwa anajua mchezo, hakuwa anajua kisa. Nilimsimulia Gervasi alivyokuwa anapita kwenye vilabu vya pombe akitabiri machozi. Nilimsimulia lile jembe. Lile shina jeusi, mkono wa mama ulivyokuwa hautetemeki.

"Hakulia hata kidogo?"

"Hata nyumbani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu walikuwa wanamngojea alie."

Akajifuta uso. Nikaendelea na upindo.

Siku ya mchezo mama alifika asubuhi, amevaa imvutano, lile vazi letu la sherehe, na viatu vya kuazima vinavyombana. Ukumbi ukajaa mchana. Wageni wa shirika wamewekewa viti vya mbele, maji ya chupa, vitambaa vya meza. Na mama wa kisa, mwenye maisha yenyewe, unajua walimweka wapi? Benchi la nyuma, karibu na mafagio! Nikamtafuta mpanga viti, akasema viti vya mbele vimekwisha. Sawa. Nikatoka mbio mpaka chumba cha nguo, nikachukua kigoda changu cha cherehani, nikakipitisha juu ya vichwa vya watu, nikakitua mbele kabisa, ubavuni mwa Venansi. Nikamfuata mama nikamkalisha. Venansi akanitazama. Nikamtazama. Wageni wakamsalimia mama, na Venansi ikambidi atabasamu.

Mama hakujua lolote. Tulikuwa hatujamwambia. Anisia yuko pembeni na kompyuta, anabonyeza, anabonyeza. Mchezo unakwenda. Watu wanamcheka Gervasi wa mchezo, wanampigia makofi mzee wa bashingantahe aliyesahau maneno akajikohoza. Mama anacheka pia. Mimi niko mlangoni na Kulthumu, namfunga kanga, na ule mwisho unasogea.

Simu ikawaka. MAMA — KULIA.

Tuliisoma wote wawili. Kulthumu akaivuta kanga ikakaza, akaingia.

Akafika katikati, pale alipoangukia mazoezini. Nikafumba macho, nakiri. Sikusikia kilio. Nikafumbua. Alikuwa ameshapita katikati. Alikuwa anakwenda, polepole, upande ule ambao hakuna aliyeukanyaga, mpaka kwenye ukuta mtupu. Akageuka. Akasimama. Uso mkavu, kidevu juu, macho yake yanamtazama kila mmoja mle ndani.

Venansi akainama mbele. "Lia," akanong'ona.

Kulthumu amesimama.

"Lia! Mama, lia!" Sasa si mnong'ono tena, watu wa safu ya tatu wanasikia. "Mama, lia basi!"

Mama yangu akageuka juu ya kile kigoda. Akamtazama yule bwana wa tai. Halafu akainuka, na viatu vyake vya kubana.

"Unaniambia mimi?"

"Aa, pole mama, si wewe. Kaa."

"Umesema mama lia. Mama wa hiki kisa ni mimi." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini mle ndani hata nzi angesikika. "Nilie nini? Nusu yangu nilishaipata."

Yesu na Maria! Wanawake wa nyuma, wale wa karibu na mafagio, ndio walioanza vigelegele. Kisha ukumbi wote. Wageni wanaulizana imetokea nini, mkalimani wao anacheka hawezi kutafsiri. Na Kulthumu, mtoto yule, hakutikisika. Alingoja mpaka kelele zikaisha, akasema neno lake la mwisho, "Nusu hii sikuiomba." Ngoma ikapigwa. Mama akakaa.

Wageni walipoondoka Venansi alituita ofisini, Anisia, Kulthumu, na mimi niliyejiita mwenyewe. Kompyuta iko mezani, imefunguliwa.

"Nani ameruhusu kubadirisha mchezo?"

"Hakuna aliyebadilisha, Diregiteri," Anisia akasema. "Umeufunga wewe."

"Voilà! Nimefunga mi mwenyewe!" Akaigeuza kompyuta kwa Kulthumu, akagonga kioo kwa kidole. "Soma! Soma hapa, sauti juu!"

Kulthumu akasoma. "Mama, kulia."

"Bon. Na we ulifanya nini?"

"Nilienda kulia, Diregiteri." Akanyoosha mkono wake wa kuume, taratibu, kama anamwonyesha mgeni njia. "Kule."

Yule bwana aliigeuza kompyuta upande wake. Akaisoma. Angesema nini? Kwamba kulia si kulia? Kwamba programu aliyoifunga kwa namba yake ya siri imeandika uongo? Mimi nilijiuma ulimi mpaka nikasikia chumvi ya damu, na hiyo ndiyo siku pekee maishani mwangu hasira na kicheko vilinijaa kwa pamoja.

Msishangilie bado. Venansi hakuweza kumgusa Kulthumu, wageni walikuwa wamempiga picha mtoto wakamsifu. Aliyeguswa ni Anisia. Palepale akamwambia klabu si yake tena, itachukuliwa na mwalimu wa Kifaransa. Na kompyuta ikarudi kwenye kabati la ofisi, ikafungiwa. Mwalimu wa Kifaransa aliuliza mara moja inawashwaje, basi, ikaishia hapo. Imo humo mpaka leo inakula vumbi, na mchezo wetu ndani yake. Ndiyo jibu, ninyi mnaopita mlangoni kwangu kuulizauliza. Iko kabatini kwa mtu aliyetaka kumliza mama yangu, na nikilifikiria kabati lile natamani kulivunja kwa shoka.

Kesho yake asubuhi tulimsindikiza mama kwenye magari ya Muyinga. Alikuwa amevua viatu vya watu, amevifunga kwenye mfuko, amevaa ndala zake. Anisia alikuwa amenikataza nisimwambie habari ya klabu. Nikamwambia. Mimi siwezi kukaa na kitu kama kile tumboni.

Mama akasikiliza yote, neno na upande, simu na kufuli na namba ya siri. Hakutoa pole. Aliuliza moja tu.

"Kwa hiyo yule mtoto ulimwelekeza asimame wapi?"

"Kulia, mama," Anisia akasema. "Tangu mwanzo."

"Ndipo niliposimama." Akamtengeneza Anisia ukosi wa blauzi, kama alivyokuwa anamfanyia siku za shule kule Muyinga. "Basi hukunidanganya."

Kondakta akaita abiria wa Muyinga. Namwona Anisia midomo inamcheza. Muhula mzima hakutoa chozi, mbele ya Venansi hakutoa, usiku nilimsikiliza hakutoa. Akainua kidevu, akakaza shingo, anajaribu kusimama vile vile mama alivyosimama kule shambani.

Mama akamshika shavu.

"Aa, wewe lia tu, mwanangu," akasema. "Wewe hakuna aliyekuagiza."